Mapitio: cgroup toleo la 2 kwenye Debian 12, kwa seva moja yenye watu wengi

Nasimamia seva ya mahesabu ya idara moja ya chuo, Dar es Salaam. Ni mashine moja yenye viini 32 vya prosesa na RAM ya GB 128. Wanaoitegemea ni wengi: wanafunzi wa uzamili wa takwimu wenye R yao, vijana wa uhandisi na Python, na mwalimu wa hali ya hewa ambaye hesabu zake huanza Ijumaa jioni zikaisha Jumatatu. Fedha ya seva ya pili haipo. Kwa hiyo kugawa rasilimali ndiyo kazi yangu ya kila siku, na nimejifunza kuipenda.

Ninachokipitia hapa ni cgroup toleo la 2, sehemu ya kerneli (moyo wa mfumo endeshi) ya Linux inayohesabu na kuwekea mipaka matumizi ya prosesa, memori, diski na idadi ya michakato, yaani programu zinazoendeshwa. Nimeitumia kama inavyokuja na Debian 12, yaani kerneli 6.1 na systemd 252, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo. Ni ya bure, na kwenye Debian tayari imewashwa, huna cha kupakua. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekwama kwenye mambo mawili matatu nitakayoyataja bila kuyapunguza.

Kabla yake tulikuwa na mipaka ya zamani, ile ya setrlimit iliyoingia kwenye BSD 4.2 mwaka 1983 na hadi leo huwekwa kwenye faili la /etc/security/limits.conf. Ukisoma faili hilo kwa mara ya kwanza unadhani umepata kila kitu: memori, faili zilizofunguliwa, muda wa prosesa, vyote vipo, na safu ya kwanza inataja jina la mtumiaji. Lakini ukitoa idadi ya michakato, ambayo kweli huhesabiwa kwa mtumiaji, karibu mipaka yote hiyo ni ya mchakato mmoja mmoja. Ukimwekea mwanafunzi GB 8, kila mchakato wake unapata GB 8. Akiendesha hesabu ya R inayojigawa mara 16, ana GB 128, na hajavunja sheria yoyote. Ni kama nyumba ya kupanga yenye LUKU moja, mwenye nyumba akaandika mlangoni kwamba hakuna balbu ya zaidi ya wati 60, kisha mpangaji mmoja akafunga balbu hamsini chumbani kwake. Sheria imeshikwa na umeme umekwisha. Kinachotakiwa ni mita ya kila chumba.

Tena mpaka wa memori wa zamani unapima anwani zilizotengwa, haupimi memori iliyotumika kweli. Programu za Java na Go hujitengea anwani nyingi mno mwanzoni bila kuzigusa. Ukibana hapo, unawaumiza wasio na kosa na kumwacha mlaji halisi. Na ule mpaka wa memori iliyomo kwenye RAM, RLIMIT_RSS, kwenye Linux haufanyi kitu chochote tangu enzi za kerneli 2.4. Upo kwenye orodha, unakubali namba utakayouandikia, basi.

Wazee wa mifumo mingine walilijua hili mapema. Kwenye VMS ya kampuni ya DEC, mchakato uliozaa wengine ulihesabiwa pamoja na wanawe kama kazi moja, na baadhi ya mafungu, likiwemo lile la faili zilizofunguliwa, yalikuwa ya kazi nzima. Ukizaa mchakato mwingine hupati fungu jipya, mnakula kwenye sahani ileile. Unix haikurithi wazo hilo, na tumelipia miaka mingi.

Linux ililifikia kwa njia ndefu. Mwaka 2006 wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, walianza kitu walichokiita vyombo vya michakato. Kikabadilishwa jina na kuingia rasmi kwenye kerneli 2.6.24, Januari 2008. Hilo lilikuwa toleo la kwanza, na kosa lake kubwa lilikuwa uhuru kupita kiasi: kila kidhibiti, cha memori, cha diski na kadhalika, kilikuwa na mti wake wa makundi. Mchakato mmoja ungeweza kuwa kwenye kundi la A kwa memori na kundi la B kwa diski. Sasa fikiria data inayoandikwa: kwanza inakaa kwenye memori, baadaye kerneli yenyewe ndiyo inayoimwaga kwenye diski. Ni nani alipishwe uandishi huo, iwapo mti wa memori na mti wa diski havijuani? Hakulipa mtu. Mwanafunzi aliyekuwa anaandika faili kubwa alionekana hana hatia.

Toleo la 2, lililosimamiwa na Tejun Heo na kutangazwa rasmi kwenye kerneli 4.5 mwaka 2016, lilikata mzizi huo. Mti ni mmoja kwa vidhibiti vyote. Kila mchakato una mahali pamoja tu, na michakato inakaa kwenye majani. Tawi lenye watoto linalowagawia rasilimali haliwi na michakato yake lenyewe. Mwanzoni sheria hiyo inakera, lakini ndiyo inayofanya hesabu iwe na maana, kwa sababu watoto wanashindana na ndugu zao tu, hawashindani na mzazi aliyekaa katikati yao. Mtoto hazidi mpaka wa mzazi hata akiandikiwa namba kubwa kuliko yake. Kwa mtu anayegawa mashine kwa watu, kisha watu wagawe kwa kazi zao, hiki ndicho kitu chenyewe.

Na systemd imeshauchora mti wenyewe. Kila anayeingia kwa ssh, yaani kutoka mbali, anawekwa chini ya tawi lake, kwa mfano user-1007.slice, na yote anayoyazaa yanabaki humo. Akitumia nohup au tmux ili kazi iendelee akiondoka, bado humo. Akijigeuza mtumiaji mwingine kwa su, bado humo. Mimi niliandika faili moja tu, /etc/systemd/system/user-.slice.d/50-mipaka.conf, na ile user- inayoishia kwa kistari bila namba inamaanisha watumiaji wote:

[Slice]
CPUWeight=100
MemoryHigh=24G
MemoryMax=32G
TasksMax=2000

Tahadhari kwa atakayeiga: faili hili linamgusa hata root, msimamizi mkuu wa mashine, maana naye ana tawi lake, user-0.slice. Mpe faili lake lenye mipaka mipana, usije ukajikuta umebanwa siku unayohitaji kuokoa mashine. Na system.slice nimeiwekea MemoryLow=6G, ili ssh na huduma nyingine zisinyang'anywe memori watumiaji wanapogombana.

Ukijumlisha GB 32 kwa watu wote unapita RAM mbali sana. Ni sawa. Mipaka ya juu inaruhusiwa kujumlishwa kupita kilichopo, kwa sababu si kila mtu anafika juu siku moja. Kinachotaka hesabu ya uangalifu ni ile MemoryLow, kwa kuwa huko unaahidi, na ahadi zikizidi mfuko kerneli inazigawanya.

Upande wa prosesa sina lalamiko. Uzito, cpu.weight, unaanzia 1 hadi 10000, na wa kawaida ni 100. Haumzuii mtu mashine ikiwa tupu. Mwalimu wa hali ya hewa akiwa peke yake Jumapili anachukua viini vyote 32. Uzito unaamka pale wawili wanapogombea. Hapo aliyefungua nyuzi 200 (vipande vya kazi vinavyokwenda sambamba) na aliyefungua mbili wanapewa mafungu sawa kama watu, mradi wa pili ana kazi ya kujaza fungu lake. Zamani aliyefungua nyuzi nyingi ndiye aliyekula zaidi. Kuna pia cpu.max, mpaka mgumu, ambao systemd inauandika kama CPUQuota=200% kwa maana ya viini viwili. Mimi siuwekei watumiaji. Kumzuia mtu kutumia viini vilivyolala ni hasara kwa chuo.

Memori ndiyo sehemu niliyokaa nayo muda mrefu zaidi, na ndipo ninapotaka msomaji akae nami. Prosesa ukimnyima mtu leo unampa kesho; hesabu yake inachelewa tu. Memori iliyokwisha kushikwa huwezi kumpokonya mtu katikati ya hesabu bila kuiua. Kwa hiyo mpaka mmoja hautoshi, na waliounda toleo la 2 walilielewa hilo. Wameweka ngazi nne. Chini kuna memory.min na memory.low, ambazo ni ulinzi. Juu kuna memory.high na memory.max, ambazo ni mipaka. Ukifika memory.high kerneli haiui. Inaanza kudai kurasa (vipande vya memori) zirudishwe, na kila mchakato unaoomba zaidi unacheleweshwa makusudi. Ukifika memory.max na hakuna cha kurudisha, mmoja ndani ya tawi hilo anauawa. Ndani ya tawi hilo, siyo kokote kwenye mashine. Zamani mtu mmoja akijaza RAM, kerneli ilichagua wa kumuua kwenye mashine nzima, na aliyechaguliwa mara nyingi alikuwa asiyehusika.

Nafasi kati ya 24 na 32 ni ya makusudi. Hapo ndipo mtumiaji anapoona kazi yake inapunguza mwendo na kuja kuuliza kabla haijafa. Lakini kuna shimo. Kama memori yake ni ya data tupu, isiyo na kache (nakala za faili zinazokaa kwenye RAM) ya kurudisha, na hakuna swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), memory.high inaweza kuifanya kazi itambae kwa saa nyingi, haifi wala haiendi. Nimeiona R ikikaa hivyo usiku kucha. Dawa yake iko kwenye kerneli tangu 4.20: vipimo vya shinikizo, vilivyoandikwa na Johannes Weiner akiwa Facebook. Kila tawi lina faili la memory.pressure linaloonyesha asilimia ya muda ambao michakato imekwama ikisubiri memori. Huo ndio ukweli wa hali, kuliko kiasi kilichotumika. Tawi linaweza kuwa na GB 23 na likawa na raha, au GB 10 likawa linakata roho. Kuna kifurushi cha systemd-oomd kinachosoma shinikizo hilo. Likizidi asilimia 60 kwa sekunde 30, kwa mipangilio yake ya kawaida, kinaondoa jani lenye fujo. Nimekiweka pamoja na swapu ya wastani, na kutambaa kule kumekwisha.

Sasa kazi moja moja. Mtumiaji anaweza kuligawa tawi lake mwenyewe bila kuniomba:

systemd-run --user --wait --pipe -p MemoryMax=12G Rscript hesabu.R

Kazi hiyo inapata jani lake chini ya tawi lake. Ikizidi GB 12 inakufa yenyewe, na ile nyingine aliyoiacha tmux inaendelea. Unaweza kuongeza RuntimeMaxSec kwa muda wa saa ya ukutani. Nimewaandikia skripti fupi inayoitwa kazi ili wasikariri maneno yote hayo, na wanaitumia, kwa sababu inawalinda na wao wenyewe. Kuanzia kerneli 4.19 kuna pia memory.oom.group: ukiiwasha, jani likizidi linauawa zima. Kwa hesabu iliyojigawa vipande kumi na sita hilo ni jambo la heri. Kuua kipande kimoja na kuacha kumi na tano vikimsubiri milele hakumsaidii mtu.

Na kuna faida ambayo sikuisoma kwenye nyaraka, nimeiona kwa watu. Zamani kundi letu la WhatsApp lilijaa "Kaka, seva imeganda tena?" na sikuwa na jibu zaidi ya kuwasha upya. Siku hizi Mwalimu ananipigia. Namwamkia, anaitikia marahaba, anauliza kazi yake imeuawa saa ngapi. Namwambia: saa nane na dakika kumi usiku, Mwalimu, ilifika GB 32, na aliyekufa ni mchakato huu. Anaguna, anapunguza ukubwa wa gridi yake, maisha yanaendelea. Mtu akipewa hesabu iliyo wazi hakasiriki.

Kasoro sasa.

Ya kwanza na kubwa: tawi linafuata njia uliyoingilia, halifuati jina lako. Kwenye Debian, kazi za cron za watumiaji, zile zinazojiendesha kwa ratiba iliyoandikwa kwenye crontab, hazipiti kwenye moduli ya systemd inayowapanga watu kwenye matawi yao. Zinabaki chini ya cron.service, ndani ya system.slice. Maana yake mwanafunzi mwenye mpaka wa GB 32 akiweka hesabu yake kwenye crontab, mpaka haumhusu, na anakula kwenye ulinzi niliouweka kwa ajili ya ssh. Docker, inayoendesha programu ndani ya vyombo vilivyojitenga, ni mbaya zaidi: anayeendesha chombo ni huduma ya Docker, si wewe, kwa hiyo chombo kinahesabiwa upande wa mfumo. Nimefunga crontab kwa watumiaji na kuwapa vipima muda vya systemd vya mtumiaji, pamoja na loginctl enable-linger kwa wanaohitaji kazi ziendelee wakishatoka. Docker nimeiondoa na kuweka Podman isiyo na root, ambayo vyombo vyake vinabaki ndani ya tawi la mwenyewe. Inafanya kazi, ila ni msimamizi anayeziba matundu ambayo muundo umeyaacha.

FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, ilichagua upande wa pili. rctl yake, iliyoingia na FreeBSD 9.0 mwaka 2012, inaandika sheria kwa jina la mtu: user:juma:vmemoryuse:deny=1g. Juma aingie kwa ssh, kwa cron, kwa mlango wowote, ni Juma. Nilipoisoma sintaksia hiyo niliipenda sana, mstari mmoja na unaeleweka hata na asiye fundi. Lakini rctl inajua mchakato, mtumiaji, daraja la kuingilia (kundi la watumiaji) na jela (sehemu ya mfumo iliyotengwa). Haina mti wa kazi ndani ya mtu ambao mtu mwenyewe anaweza kuugawa. Na lazima uiwashe kwenye /boot/loader.conf kisha uwashe mashine upya. Kerneli ninayoitamani ingekuwa na vyote viwili, mti kwa ajili ya kazi na jina kwa ajili ya mtu. Bado sijaiona.

Ya pili ni kache ya faili zinazoshirikiwa. Tuna data ya GB 20 kwenye /data inayosomwa na nusu ya idara. Anayeisoma wa kwanza asubuhi ndiye anayeandikiwa kurasa zake zote, wanaofuata wanasoma bure. Haimuui, kwa sababu kache hurudishwa, lakini inamsogeza karibu na memory.high yake, na akiangalia memory.current anaogopa namba isiyo yake. Nawafundisha wasome memory.stat, mstari wa anon, ambao ndio data yao hasa.

Diski nitaitaja kwa ufupi. io.max inafanya kazi vizuri. io.weight, ambayo ndiyo ungeitaka, haina athari mpaka uwe na mpangaji wa BFQ au uwashe iocost, njia mbili za kugawa zamu za diski, na Debian haikuwekei hivyo. Mtu anaandika IOWeight, systemd inapokea bila kulalamika, na hakuna kinachobadilika. Hilo lingepaswa kutoa onyo.

Ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa inahusu haki ya wiki nzima. Toleo la 2 halina mpaka wa jumla ya muda wa prosesa. Siwezi kusema mtumiaji huyu ana saa 500 za prosesa kwa mwezi, zikiisha apunguzwe. Mpaka wa zamani wa muda wa prosesa upo, lakini ni wa mchakato mmoja, na tumeshaona udhaifu wake. Hesabu yenyewe kerneli inayo: faili la cpu.stat la kila tawi lina usage_usec, mikrosekunde zote zilizotumika. Shida ni kwamba mtu akitoka kabisa tawi lake linafutwa na hesabu inafutika nalo. Bahati nzuri systemd huandika mstari kwenye kumbukumbu zake tawi linapofungwa, ikitaja muda wa prosesa uliotumika. Skripti yangu ya usiku inakusanya mistari hiyo, inaongeza ya matawi yaliyo hai, na aliyezidi fungu la mwezi namshushia CPUWeight kutoka 100 hadi 20 mpaka mwezi uishe. Hazuiwi kufanya kazi. Anapita nyuma ya wengine foleni ikiwapo, na mashine ikiwa tupu anapata yote kama mtu mwingine yeyote.